Pikipiki za mbio za matoleo machache: unalipia mashine au unalipia namba?

Kona Kali

Wakuu, habari za saa hizi. Kaeni kitako, uzi ni mrefu.

Juzi nimegombana na rafiki yangu wa miaka mingi, na ugomvi wenyewe ni juu ya pikipiki ambayo sote wawili hatuna na wala hatutakuwa nayo. Ducati Superleggera V4, ile ya 2020. Zilitengenezwa 500 tu, kila moja na namba yake, na Marekani iliuzwa dola 100,000. Mwenzangu anasema huo ni wizi wa mchana kweupe. Mimi nikasema ngoja, tupige hesabu kwanza. Tulipomaliza, kila mtu akabaki na msimamo wake, ila wangu umeingia nyufa. Nimeuleta hapa mnisaidie kuuziba au kuubomoa kabisa.

Hesabu ni hii. Mwaka huohuo Ducati walikuwa wanauza Panigale V4 S, ndugu yake wa dukani asiye na namba, kwa bei isiyofika dola 30,000. Injini cc 1103, nguvu farasi 214, uzito mkavu kilo 174. Superleggera: cc 998, farasi 224, kilo 159. Tofauti yake ni farasi 10 na kilo 15. Toa bei ya moja kwenye bei ya nyingine, gawanya kwa hizo kilo 15, unakuta kila kilo iliyopunguzwa imelipiwa zaidi ya dola 4,600. Kilo moja! Na hapo wale farasi kumi nimewahesabu bure.

Rafiki yangu alipoona hiyo namba akaegemea kiti, akakunja mikono. Kesi imekwisha.

Haijaisha. Kilo haziuzwi kwa bei moja. Ya kwanza unaitoa kwa kufungua vikanyagio vya abiria, hulipi kitu. Zinazofuata unazitoa kwa kubadilisha ekzozi. Ukifika ya kumi na tano, hakuna tena cha kufungua, inabidi uijenge pikipiki upya: fremu ya kaboni, swingamu (mkono unaoshika tairi ya nyuma) ya kaboni, rimu za kaboni, bolti za titani moja baada ya nyingine. Superleggera V4 iliruhusiwa barabarani ikiwa na fremu, swingamu na rimu zote za kaboni. Kila hatua ya kushuka uzito inakugharimu kuliko hatua iliyotangulia, na hilo halina kiwanda, liko hivyo kwa kila anayetengeneza kitu kiendacho kasi.

Sasa msimamo wangu, na ndio nataka mnipige nao. Mimi bei siitazami sana. Natazama kiwanda kiliitengeneza kwa nini. Mbio za Superbike za dunia ni za pikipiki zinazouzwa dukani. Ukitaka kushindana, lazima utengeneze idadi fulani na uwauzie watu. Kwa hiyo kuna mashine ambazo ziko duniani kwa sababu kiwanda kilitaka ubingwa na sheria ikakilazimisha kufungua mlango. Honda RC30 ndiyo hiyo. Konrodi za titani, kamshafti zinazoendeshwa kwa gia badala ya cheni, gia ya kwanza ndefu ya mbio inayokutesa kwenye foleni. Fred Merkel akachukua nayo ubingwa wa misimu miwili ya kwanza, 1988 na 1989. Marekani mwaka 1990 iliuzwa karibu dola 15,000, watu wakapiga kelele kwamba Honda wamepagawa. Yamaha nao wakaja na R7 OW02 mwaka 1999, nakala 500.

Halafu kuna mashine zilizotengenezwa kwa sababu idara ya mauzo ilihitaji kitu cha kuweka kwenye kioo. Rangi mpya, kiti kimeshonwa uzi wa rangi nyingine, kibati chenye namba pale juu, na bei imeruka.

Za kundi la kwanza naziona rahisi hata zikiwa ghali. Za kundi la pili ni ghali hata zikishushwa nusu. Shida yangu ni kwamba Superleggera haiingii kwenye kundi lolote. Haikuwa ya kutimiza sheria ya mbio, na bado si ya rangi tu. Nisaidieni.

Jongoo Moto

Mkuu kilo 15 tu? Mimi kitambi changu peke yake ni kilo 15. Nikianza kukimbia asubuhi nimeokoa dola 70,000. Uzi ufungwe.

Mzee Spana

Usiufunge kijana. Utani huo nimeusikia karakana tangu nina nywele, na jibu langu halijabadilika: kilo ya kitambi na kilo ya rimu hazina undugu.

Fanya hivi siku ukipata nafasi. Chukua rimu ya mbele ya alumini ikiwa na tairi yake, pitisha ekseli, ishike mikono miwili huku na huku. Mwambie mwenzako aizungushe kwa nguvu. Sasa jaribu kuilaza kushoto. Inakukatalia. Unaisikia kwenye viwiko kabisa, kama kuna mtu upande wa pili anaisukuma irudi. Rudia na rimu ya kaboni. Bado inakataa, lakini sasa ni ubishi wa mtoto. Ule ubishi ndio unaopigana nao kila unapoitoa pikipiki kona ya kushoto kuilaza kulia ukiwa kwenye spidi. Kitambi chako hakizunguki, hata ukikimbia nacho.

Halafu rimu iko chini ya shokapu. Kila kilo iliyo chini ya shokapu, barabara ikiwa na bonde, ndiyo inayochelewa kurudi kushika lami. Ukipunguza hapo, tairi inashinda chini muda mwingi zaidi. Kitambi kiko juu, kimebebwa na springi, hakimsumbui mtu ila mkeo.

Sasa msinielewe vibaya. Sijasema inafaa dola 70,000. Rimu za kaboni zinauzwa peke yake, zinafungwa kwenye pikipiki ya kawaida, na bei yake haisogelei hata robo ya hiyo tofauti. Ukifunga hizo na shokapu ikapangwa kwa uzito wako, umekula nyama yote. Kilichobaki kwenye ile dola laki ni mfupa. Wapo wanaopenda kuguguna mfupa, siwalaumu.

Kona Kali

Mzee shikamoo. Hapo kwenye rimu umenipa kitu cha kumjibu yule mwenzangu, na papo hapo umempa yeye kitu cha kunijibu mimi.

Mzee Spana

Marahaba. Ndiyo kazi ya fundi hiyo, analipwa na pande zote mbili.

Chausiku600

Naomba niingie kwa upande wa anayeendesha, maana naona mnazungumza kama pikipiki inajiendesha.

Mimi naingia uwanjani siku zile za kulipia, wenye magari asubuhi, sisi mchana. Kuna siku tulipangwa kundi moja na jamaa mwenye mashine ya namba. Sitaitaja ni ipi, yeye mwenyewe asije akajisoma hapa. Tulipotoka nikaona ananiacha kwenye mnyooko kama nimesimama. Kona ya kwanza nikamkuta. Mnyooko, kaniacha. Kona, nimemkuta. Alikuwa anafunga breki mapema mno, pengine mita 50 kabla yangu, na nina pikipiki ya kawaida ya cc 600 ambayo kava la upande limeunganishwa kwa vibano vya plastiki.

Nilimfuata mizunguko mitatu nikimsoma. Si kwamba hajui, dada yenu nimeona watu wasiojua. Mkao wake mzuri, macho yake yako pale kona inapoishia. Ila kila akifika mahali pa kuamini tairi, mkono unarudi. Mzunguko wa nne nikaelewa: yule bwana alikuwa anaendesha ankara ya vipuri. Akianguka, kava lake la kaboni linaagizwa kwa namba ya fremu na linasubiriwa miezi. Mimi nikianguka nanunua vibano vingine.

Kwa hiyo mtaongea farasi na kilo mpaka asubuhi, lakini pikipiki inayokutia woga wa kuanguka nayo inakuwa nzito hata ikiwa na kilo 159.

Jambo la pili. Mwaka 2023 Peter Hickman aliweka rekodi ya mzunguko wa TT, mbio za barabarani za kisiwa cha Isle of Man, wastani wa maili 136.358 kwa saa, kama kilomita 219 hivi, kwenye barabara ya kilomita 60 yenye kuta za mawe na nguzo za taa. Hiyo ndiyo rekodi ya madaraja yote. Aliiweka kwenye mbio za Superstock, daraja ambalo pikipiki inatakiwa ibaki karibu sana na ile ya dukani, na alikuwa na BMW M 1000 RR. Zile mashine za Superbike zilizofumuliwa na kuundwa upya zilikuwa zinakimbia wiki hiyohiyo, kwenye barabara hiyohiyo.

M 1000 RR si ya bei rahisi, najua, kule Marekani ilikuwa dola elfu thelathini na kitu. Lakini hiyo ni theluthi ya ile ya mleta mada. Kama theluthi inatosha kwa mtu mwenye kasi kuliko wote pale kisiwani, hizo theluthi mbili nyingine ni za nini?

Jongoo Moto

"Anaendesha ankara ya vipuri" 😂😂 dada umeniua

Daftari Jekundu

Wote mnakosea kwa sababu mnaihesabu kama matumizi. Hiyo ni mali. Mleta mada mwenyewe kasema RC30 ilikuwa karibu dola 15,000. Nendeni leo kwenye mnada wowote wa maana mtafute RC30 iliyotunzwa muone kama mtaipata kwa pesa hiyo mara mbili. Pikipiki ya kawaida ukiitoa dukani inashuka siku hiyohiyo. Hii inashuka kidogo, inatulia, halafu inapanda. Anayenunua Superleggera halipi dola 100,000, anaziweka mahali. Gharama yake halisi ni bima na nafasi ya kuiweka.

Mzee Spana

Daftari, umewahi kuifungua pikipiki iliyo"wekwa mahali"?

Ngoja nikufungulie moja. Miaka kumi na moja imekaa chumbani, zulia chini, shuka juu. Kilomita nne kwenye saa ya kuhesabia umbali. Mwenyewe anaitoa kwa fahari kama bibi harusi. Naanza mbele. Tairi ina tarehe yake ubavuni, tarakimu nne, wiki na mwaka, na raba imekuwa kama kucha. Maji ya breki yamegeuka rangi ya chai. Sili za shokapu ya mbele zimekauka pale pale ziliposimama, ukiibonyeza mara mbili mafuta yanachungulia. Betri ya litiamu imekufa siku nyingi. Petroli iliyoachwa ndani ya tangi imekuwa varnishi na inanuka hivyo. Na yale makava ya injini ya magnesiamu, ambayo ndiyo sifa yenyewe, kuna mahali rangi imetoa kilengelenge. Ukikikwangua kwa ukucha unakuta unga mweupe. Magnesiamu ikiguswa na unyevu haisamehe.

Kisha anauliza: fundi, si ni mpya?

Haijatumika. Mpya ni kitu kingine.

Halafu kuna tairi zenyewe. Ducati Desmosedici RR ya 2007 na 2008, nakala 1,500, dola 72,500, ndugu wa damu wa ile ya MotoGP, mbio kuu za pikipiki duniani. Injini ya V4 ya cc 989, karibu nguvu farasi 200, mlio wake ukiusikia unasimama hata kama ulikuwa unakimbilia choo. Rimu ya nyuma inchi 16. Pikipiki za mbio za barabarani karibu zote ni inchi 17. Bridgestone walimtengenezea tairi yake maalumu. Kiwanda cha tairi kikiamua kuachana na saizi ya watu 1,500, mali yako inakaa juu ya stendi. Sijui kwenye daftari lako hiyo unaiandika safu ipi.

Daftari Jekundu

Mzee, utunzaji mbaya si kosa la soko. Anayejua anazungusha injini, anabadilisha maji, anaondoa unyevu chumbani. Na kibati cha namba hakiozi.

Mzee Spana

Kibati hakiozi, kweli. Kikibaki peke yake utakiuza.

Nahodha wa Kaboni

Mimi hapo kwenye makundi mawili ya mleta mada ndipo nina neno. Naomba nikuletee mashine inayokuharibia makundi yako yote: Honda NR ya 1992.

Hadithi inaanza 1979. Mbio kubwa za 500 zilikuwa za injini za mipigo miwili, na Honda walijitia kiburi wakaja na mipigo minne. Sheria ilikuwa inaruhusu silinda nne, basi. Mipigo minne inapiga kazi nusu ya mara za mipigo miwili kwa mizunguko ileile, kwa hiyo ili kufidia lazima injini izunguke haraka sana na ivute hewa nyingi sana. Ungekuwa na silinda nane ungeweza. Wakakaa, wakafikiri, wakaziunganisha mbilimbili. Pistoni ikawa ya duara refu kama kopo la samaki, konrodi mbili kwa kila pistoni, valvu nane kwa kila silinda. Ukizihesabu ni silinda nne, ndani yake kuna nane zimejificha. Ringi za pistoni za umbo hilo tu, kuzifanya zibane bila kuvuja, ni usingizi wa wahandisi wangapi sijui.

Ile NR500 haikushinda hata Grand Prix moja. Hata moja. Wakaiacha, wakahamia kwenye mipigo miwili kama wengine. Miaka zaidi ya kumi baadaye wakachukua wazo lilelile lililowaaibisha, wakalitia kwenye pikipiki ya barabarani, cc 747, valvu 32, wakaiuza karibu dola 50,000. Za mwaka 1992!

Na haikuwa hata na kasi ya kutisha. Nzito, kilo zaidi ya 220 kavu, nguvu farasi kama 125. Ukiipima kwa mizani ya Chausiku imeanguka. Kwa mizani ya mleta mada ndiyo kabisa, haikutimiza sheria ya mbio yoyote na haikushinda. Lakini ni kitu ambacho hakikuwahi kuwepo na hakijarudi tena. Ekzozi zinatokea chini ya kiti, kabla dunia haijaona zile za Ducati 916. Mkono mmoja nyuma, kaboni mwili mzima. Ukiona picha yake leo unadhani ni ya juzi.

Mimi ningelipa. Sina, lakini ningelipa. Wale jamaa walishindwa mbele ya dunia nzima, na badala ya kuficha wakakitia rangi nyekundu wakasema hiki hapa, nunueni kushindwa kwetu. Kuna ujasiri pale ambao dukani huupati.

Kona Kali

Nahodha, umenishika. Nakubali kwamba "kiwanda kiliitengeneza kwa nini" ni pana kuliko nilivyoiandika. NR ilitengenezwa kwa sababu wahandisi walikuwa na deni na nafsi zao. Hiyo nayo ni sababu, na si sababu ya idara ya mauzo.

Ila nataka turudi kwenye kitu kimoja ambacho watu hawakisemi. Sheria za Superbike ziliweka na dari ya bei, euro 40,000. Ilipotoka Panigale V4 R ya 2019, Ducati walipachika bei chini kidogo tu ya hapo. Ndani yake cc 998 badala ya 1103, kwa sababu sheria ya silinda nne ni cc 1000. Yaani Ducati waliipunguza injini yao makusudi ili waingie uwanjani, na ikatoa nguvu farasi 221. Mwendeshaji wao Álvaro Bautista akashinda mbio 11 za kwanza za msimu mfululizo, na katikati ya mfululizo huo wasimamizi wakaikata injini mizunguko 250 kwa dakika. Ubingwa hakuupata mwaka ule, akaja kuuchukua 2022 na 2023.

Sasa fikirini. Euro elfu arobaini, na wakati ule hukuweza kutozwa zaidi kwa sababu kiwanda kikizidisha hakikuruhusiwa kukimbia. Mnunuzi alilindwa na kitabu cha sheria! Superleggera ikaja mwaka uliofuata na injini ya cc 998 vilevile, lakini haina mbio wala dari. Bei ikapanda mara mbili na nusu. Ndiyo maana nasema V4 R ni rahisi.

Chausiku600

"Euro elfu arobaini ni rahisi." Mkuu umekunywa nini leo?

Kona Kali

Dada nimesema rahisi, sijasema ninazo.

Gurudumu Mraba

Nilikuwa nasoma kimya kimya ila hapa nimeshindwa. Hakuna aliyetaja BMW HP4 Race? 2017, nakala 750, fremu nzima ya kaboni yenye kilo 7.8, pikipiki yote na mafuta yake kilo 171, nguvu farasi 215. Dola 78,000. Hairuhusiwi barabarani, ni ya uwanjani tu. Na injini yake ikifika kilomita 5,000 umri wake umekwisha, inatakiwa itolewe.

Elfu tano wakuu. Mimi pikipiki yangu kwenye kilomita elfu tano ndiyo kwanza kiti kinanizoea.

Nahodha wa Kaboni

Gurudumu, hapo mimi naona ndio ukweli wenyewe. Wamekwambia tangu mwanzo: hii ni mashine ya mbio, inakula hivi, ukiweza njoo. Injini ya mbio inakazwa mpaka mwisho wa uvumilivu wa chuma, ndiyo maana umri wake unahesabiwa. Wanaonikera ni wale wanaokuuzia sura ya mbio na ndani yake kuna injini ileile ya jirani yako.

Gurudumu Mraba

Sawa lakini basi Kawasaki Ninja H2R mnaiweka wapi? Si ya namba, hawakusema 500 wala 750. Ilitoka 2015 kwa dola 50,000, ina supachaja (kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini) waliyoiunda wenyewe wakisaidiana na ndugu zao wa idara za mitambo ya gesi na ndege, farasi 310. Mwaka 2016 Kenan Sofuoğlu aliikimbiza kwenye daraja la Osman Gazi kule Uturuki, kilomita 400 kwa saa kwa sekunde 26. Nusu ya bei ya Superleggera na hakuna aliyekuhesabia uko namba ngapi. Hiyo ndiyo thamani.

Mzee Spana

Thamani ya kwenda moja kwa moja, ndiyo. Daraja halina kona.

Daftari Jekundu

Na RC213V-S ya Honda je? Kama mnasema sababu ndiyo kila kitu, ile ndiyo MotoGP yenyewe imevishwa taa na vioo. Dola 184,000.

Kona Kali

Daftari, hiyo ndiyo imenikosesha usingizi kuliko zote. Kwa upande mmoja ilijengwa kwa mikono pale kiwanda cha Kumamoto, kilo 170 kavu, mfuasi wa karibu wa ile aliyoshindia Marc Márquez ubingwa. Kwa upande mwingine waliyatoa yale mambo mawili yanayoifanya MotoGP iwe MotoGP: valvu za hewa wakaweka springi za kawaida, na giaboksi isiyokata nguvu wakaweka ya kawaida. Ilivyouzwa Ulaya ilikuwa na farasi 159, ukitaka ifike 215 unanunua seti ya uwanjani. Marekani ilitoka na farasi 101, na ile seti huko haikuuzwa.

Farasi mia na moja kwa dola 184,000. Kuna watu wa daraja la kati wana zaidi.

Nahodha wa Kaboni

Walioiendesha wanasema utamu wake hauko kwenye farasi, uko kwenye jinsi inavyoingia kona kama imesoma mawazo yako.

Chausiku600

Kama inasoma mawazo, basi ya yule bwana wangu wa uwanjani ingesoma "tafadhali usianguke, tafadhali usianguke" mpaka mstari wa mwisho.

Siti ya Nyuma

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu. Nilikuwa nayo moja. Siitaji jina, ilikuwa ya nakala mia chache, nilipokea na sanduku lake la mbao, kofia ya baiskeli sijui kwa nini, na cheti chenye saini iliyochapwa na mashine.

Nilipoinunua nilikuwa kama Nahodha, naongea ujasiri wa wahandisi. Mwaka wa kwanza niliiendesha, kweli niliiendesha. Kuna asubuhi moja barabara tupu, lami kavu, kona tatu zinafuatana, sikuhitaji hata kufikiria, pikipiki ilikuwa imeshafika. Hiyo sitaisahau na sitadai pesa yake kwa mtu.

Mwaka wa pili mtu mmoja akaniambia ukizidi kilomita elfu tatu bei inavunjika. Kuanzia siku ile nikawa nasoma saa kabla ya kuvaa helmeti. Nikaanza kuiangalia hali ya hewa. Kisha nikaanza kuiangalia pikipiki tu, naketi mbele yake na kikombe. Nikanunua nyingine ya kawaida ya kuendesha, na nikawa naipita ile ya namba mlangoni nikienda kuifuata ya kawaida. Chausiku alichokiona kwa yule bwana kwenye kona, mimi nilikuwa nacho nikiwa sebuleni.

Nikaiuza. Aliyenunua ni kijana, hakuuliza kuhusu sanduku, sanduku liko kwangu mpaka leo. Siku ya kuichukua mvua ilikuwa inanyesha, si ya utani. Nikamwambia subiri ikatike. Akaniuliza, kwani inayeyuka? Akaiwasha, akaipasha moto kidogo, akaondoka nayo. Nilisimama mlangoni nikisikia gia ya pili, ya tatu, kona, ya pili tena. Mara ya kwanza ile mashine inaloa tangu izaliwe.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada: ile asubuhi ya kona tatu ilifaa bei. Iliyobaki nililipia mwenyewe kwa ujinga wangu, kiwanda hakimo.

Kona Kali

Ndugu karibu sana. Nimesoma mara mbili.

Jongoo Moto

Nilikuja kucheka sasa nimenyamaza.

Mzee Spana

Siti ya Nyuma, swali moja la kifundi. Kijana aliondoka na tairi zipi?

Siti ya Nyuma

Zilezile zilizokuja nayo.

Mzee Spana

Na mvua ile?

Siti ya Nyuma

Na mvua ile.

Mzee Spana

Una namba yake ya simu? Mtumie ujumbe sasa hivi, mimi nasubiri hapa.